Kuuza nyumba ya mzee ukiwa msimamizi wa mirathi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao, wana Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, kwa hiyo ukiwa Unguja au Pemba usifuate haya. Na mimi siyo wakili, niliwahi kuteuliwa msimamizi wa mirathi ya baba yangu, nyumba ikauzwa, watu wakagawana, na tangu hapo kila arobaini ikipita kwa jirani kuna mtu anapiga simu "samahani kaka, naomba kuuliza". Maswali ni yaleyale, nimeyaweka hapa.

Mimi ndo mtoto wa kwanza, na mzee kabla hajafariki aliniambia mbele ya watu kwamba nyumba niisimamie mimi. Si naweza kuuza tu?

Huwezi. Kuzaliwa wa kwanza hakukupi saini ya marehemu. Kikao cha ukoo nacho hakikupi, hata kama wameandika muhtasari, wakasaini wazee kumi na mbili na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri. Kikao kinapendekeza jina, mahakama ndo inateua. Mpaka hapo mahakama haijakuteua, wewe kwenye hiyo nyumba ni mtoto wa marehemu kama wenzako, na mkataba wowote utakaosaini wa kuuza ni wa mtu anayeuza kisicho chake.

Maneno ya mzee mbele ya watu yana uzito wake, mahakama inaweza kuyasikiliza, ila ni ushahidi tu.

Alinipa nguvu ya kisheria akiwa hai (hati ya uwakilishi, ile karatasi ya kuniruhusu kusaini kwa niaba yake), nimeuza kwa kutumia hiyo, kuna shida?

Kama uliuza akiwa hai na akili timamu, hiyo ni stori nyingine. Kama ulisaini baada ya kufariki, kuna shida kubwa, kwa sababu ile karatasi inakufa siku aliyokufa aliyeitoa. Nimeona watu wanarudisha tarehe nyuma wakidhani wamemaliza mchezo, alafu cheti cha kifo kinaonyesha siku hiyo mzee alikuwa mochwari.

Mzee yupo hai lakini hajitambui, hajui hata watoto wake, tunataka kuuza nyumba tumtibu. Tufungue mirathi?

Mirathi ni ya aliyekufa jamani. Kwa aliye hai ambaye akili imeondoka njia yake ipo kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, unaomba mahakama imteue mtu wa kusimamia mali zake, na unaenda na ripoti ya daktari. Hapa ndo tafuteni wakili kabisa, msijaribu wenyewe. Na msimshike mzee kidole mkamgongesha dole gumba kwenye mkataba, maana mtu asiyejua anachosaini hajasaini kitu, na siku ndugu mmoja akikasirika hiyo video aliyoirekodi kwa simu itafika mahakamani.

Tunafungua mirathi mahakama gani?

Inaangaliwa pale marehemu alipokuwa anaishi, siyo pale nyumba ilipo. Mzee alikuwa anaishi Morogoro ila nyumba iko Mbagala, mnaanzia Morogoro.

Mahakama ya Mwanzo inachukua mirathi zinazofuata mila au sheria ya Kiislamu, na ndiko familia nyingi zinakoanzia kwa sababu gharama ni ndogo, kila kitu Kiswahili. Kwa Wakristo ndo kunakuwa na mjadala, kwa sababu mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi, kama maisha yake yalikuwa ya kimila au alishaachana na mila kabisa, na kwa hao wa pili sheria inayotumika mpaka leo ni ile ya urithi ya India ya mwaka 1865 (ndio, elfu moja mia nane na sitini na tano, hujakosea kusoma), na hiyo inapelekwa juu, siyo Mwanzo. Ukifungua mahakama isiyo na mamlaka unaweza kuuza, ukagawa, alafu mtu akaja kupindua kila kitu kutoka mwanzo. Kwa hiyo hili swali msiliulize mtaani, muulizeni karani wa mahakama au wakili kabla hamjajaza fomu. Kwa Dar kuna Kituo Jumuishi pale Temeke ambacho kinashughulika na mirathi na mambo ya familia, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu ziko sehemu moja, kwa hiyo wakikuona umekuja dirisha siyo wanakuelekeza humohumo.

Niende na nini?

Cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vifo (kibali cha mazishi siyo cheti, watu wanachanganya), muhtasari wa kikao cha familia, majina ya warithi wote, orodha ya mali na madeni, na vitambulisho. Unajaza Fomu Na. I kuomba, mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, siku ya kusikilizwa unaulizwa maswali, na unaweza kuambiwa ulete wadhamini. Muhtasari wa kikao kisheria siyo kama cheti cha kifo kwamba bila hiyo hakuna kitu, ila mahakimu wengi wanauomba na ukikosekana wanahisi kuna watu wamefichwa.

Kama mzee kafariki zamani, zaidi ya miaka 3, na mnafungua ngazi za juu, mtatakiwa kueleza kwanini mmechelewa. "Tulikuwa tunaishi kwa amani" ni maelezo ya kweli kwa familia nyingi, semeni hivyohivyo.

Barua ya usimamizi imetoka ina jina langu. Kwa hiyo nyumba sasa hivi ni yangu?

Hili ndilo swali linalovunja familia, na mara nyingi mtu haulizi, anajijibu mwenyewe kimoyomoyo.

Ile barua, kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Na. IV, inakupa kazi. Unakusanya mali za marehemu, unalipa madeni yake, unachobakiwa nacho unagawa kwa warithi, unarudi mahakamani kusema umefanyaje. Basi. Nyumba inaweza hata kuandikwa jina lako kwenye hati lakini unaandikwa kama msimamizi wa mirathi ya fulani, na hayo maneno ya mwisho ndo yana maana kuliko jina lako. Uwezo wa kuuza unao, sheria ya mirathi, Sura ya 352, inakupa uwezo huo, lakini unauza kwa ajili ya wenzio. Mtu akishaelewa hili, maswali mengi ya huko chini anaweza kuyajibu mwenyewe bila kupiga simu.

Na kazi yenyewe ina muda. Mahakama ya Mwanzo unatakiwa ndani ya miezi 4 uwe umepeleka Fomu Na. V, orodha kamili ya mali na madeni, alafu hesabu zinakuja kwenye Fomu Na. VI. Mahakama Kuu orodha ni miezi 6 na hesabu mwaka 1. Muda unaweza kuongezwa ukiomba. Watu wanapata barua wanaiweka kwenye fremu, miaka minane inapita, hakuna fomu iliyorudi, alafu siku wanataka kuuza ndo wanashangaa hakimu anawauliza walikuwa wapi.

Lazima ndugu wote wasaini ndo niuze?

Majibu mawili, la sheria na la maisha.

La sheria: mahakama zetu zimeshasema msimamizi halazimiki kupata ridhaa ya kila mrithi ndo auze, ndo maana akateuliwa, ingekuwa lazima wote wakubali basi kusingekuwa na haja ya msimamizi. Mrithi mmoja mkorofi hana kura ya veto.

La maisha: pata saini zao. Andaeni kikao, andikeni kwamba tumekubaliana nyumba iliyopo sehemu fulani iuzwe, bei isipungue kiasi fulani, hela iingie akaunti fulani, kila mtu asaini na aweke namba ya NIDA. Kwanza mnunuzi mwenye akili ataidai hiyo karatasi, benki yake ikiwa inamkopesha itaidai zaidi. Pili ndugu aliyesaini bei mwenyewe ni ngumu kuja kusema umeuza kwa bei ya kutupa. Asiyetaka kusaini muandikieni barua, mpeni siku za kujibu, tunzeni kopi na ushahidi kwamba aliipokea, hata kama ni meseji ya WhatsApp yenye tiki mbili za bluu.

Kama kuna mmoja ambaye hataki iuzwe kwa sababu anaishi humo, muulizeni kwanza kama anaweza kuwalipa wenzake sehemu zao abaki nayo. Mara nyingi ni hasira tu, akipigiwa hesabu anatulia. Ikishindikana kabisa rudini kwa hakimu, mahakama inaweza kuamuru iuzwe mgawane.

Mama bado yupo ndani ya nyumba. Watoto tunataka kuuza.

Hapa nitasema ninavyoona: kama mama hana pa kwenda, acheni. Hakuna mahakama inayowalazimisha kuuza nyumba ili kijana anunue bodaboda.

Kisheria sasa. Angalieni hati kwanza. Kama imeandikwa majina mawili kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, mzee alivyofariki nyumba yote imeenda kwa mama, haipo hata kwenye mirathi, mnapoteza muda. Kama ni umiliki wa mafungu basi fungu la mama ni lake, mnaongelea fungu la baba tu. Kama jina ni la baba peke yake lakini waliijenga wote, mama ana haki ya kusema jasho lake litambuliwe kabla hamjaanza kugawana, na ukiuza bila yeye kushirikishwa unatafuta kesi ambayo utashindwa. Alafu ukishatoa hilo, bado yeye ni mrithi pia, watu wanasahau.

Mama wa kambo naye ni mama kwenye hili. Ndoa ikiwepo, ikiwepo.

Baba alikuwa na mtoto nje, tumemjulia msibani. Tumuweke?

Muwekeni kwenye orodha, mahakama itaamua anapata nini. Kwenye dini na mila majibu yanatofautiana, ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake, na kumficha ndo kunakoharibu, kwa sababu akija kujitokeza baadaye hoja yake ya kwanza itakuwa msimamizi alidanganya mahakama, na hiyo ni sababu tosha ya usimamizi kufutwa.

Warithi walio chini ya miaka 18 hawasaini na hela yao haishikwi na mjomba "mpaka akue". Fungueni akaunti ya mtoto, risiti ipelekwe mahakamani.

Hati bado ina jina la marehemu, mnunuzi anasema haina haja ya kubadilisha, tumsainie hivyohivyo atajua mwenyewe huko mbele.

Huyo ama hajui au ana haraka ya kitu. Mpangilio uko hivi: unaenda kwa Msajili wa Hati na barua ya usimamizi, cheti cha kifo na hati yenyewe, unaomba uandikishwe kama mwakilishi wa marehemu, hiyo ni kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi. Ukishaandikishwa ndo sasa unaweza kumhamishia mnunuzi. Hapo zinakuja fomu za ardhi, Na. 29 ya kutoa taarifa ya kuhamisha, Na. 30 ya kuomba kibali na Na. 35 ya uhamisho wenyewe, pamoja na mkataba wa mauziano uliothibitishwa na wakili, ripoti ya uthamini kutoka kwa mthamini aliyesajiliwa ikiwa imepitishwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, na risiti za kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu.

Hiyo kodi ya pango ndo inawashika wengi. Mzee alikuwa halipi, au alilipa mara ya mwisho enzi za Mkapa, deni limekaa na riba juu. Ombeni kontroo namba mapema mjue mnadaiwa kiasi gani kabla hamjapanga bei. Kodi ya majengo angalau tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU kwa hiyo ukinunua umeme unakuwa umelipa, ila angalieni kama mita ina deni.

Hati haionekani. / Hati anayo kaka na amegoma kuitoa.

Imepotea kweli: ripoti polisi, kiapo, Msajili anatangaza kwenye Gazeti la Serikali, muda ukipita bila pingamizi inatolewa nyingine. Inachukua muda, anzeni leo.

Kaka anayo: msiape kwamba imepotea! Kaka ataitoa siku hiyohiyo ya tangazo na wewe utakuwa umeapa uongo. Muombeni hakimu amuite aje nayo mahakamani. Mtu anayebishana na dada zake sebuleni mara nyingi habishani na hakimu.

Nyumba haina hati, ina karatasi za serikali ya mtaa tu.

Nyumba nyingi za wazee wetu ziko hivyo, Manzese, Tandika, Buza, kote huko. Inauzika. Mnauza haki mliyonayo, na bei yake itakuwa chini ya yenye hati. Kama kuna leseni ya makazi tumieni hiyo. Kama hakuna, mkataba wa kwanza ambao mzee alinunulia ni dhahabu, itafuteni kwenye yale mabegi ya chini ya kitanda kabla hamjachoma vitu vya marehemu. Majirani wa pande nne waje waonyeshe mipaka na wasaini, mwenyekiti awe shahidi, lakini mkataba uandikwe na wakili. Mwenyekiti kudai asilimia kumi ya mauzo ni mazoea, hakuna sheria inayosema hivyo, muulizeni kwa upole aonyeshe imeandikwa wapi na atoe risiti.

Bei tunapangaje, na mimi msimamizi naweza kununua mwenyewe?

Mleteni mthamini kabla ya dalali. Dalali anataka iuzwe haraka, siyo kosa lake, ndo kazi yake, ila ukianza na yeye bei ya kwanza utakayosikia ndo itakaa kichwani kwa familia nzima. Ripoti ya mthamini mtaihitaji hata hivyo kwenye uhamisho kwa hiyo hamjapoteza hela. Kamisheni ya dalali iandikwe kabla hajaleta mteja, na awe mmoja au wawili, siyo saba ambao siku ya mwisho wote wanasema mteja ni wangu.

Kununua mwenyewe, au kumuuzia mkeo, au rafiki yako atakayekurudishia baada ya miezi sita: mrithi yeyote anaweza kuomba mahakama ivunje hayo mauzo. Ukiitaka kweli iseme wazi kwenye kikao, bei ya mthamini, warithi wote wasaini, na mahakama ijulishwe kabla.

Kodi ni shilingi ngapi?

Muuzaji, ambaye hapa ni mirathi, analipa TRA kodi ya ongezeko la mtaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha ambazo una ushahidi wake. Tatizo mzee alijenga mwaka 1984 kwa mifuko ya simenti aliyokuwa anapata kwa foleni, nani ana risiti? Kwa mkazi asiye na kumbukumbu za gharama sheria imeweka asilimia 3 ya thamani, na inachukuliwa ile kubwa kati ya bei mliyoandika kwenye mkataba na thamani iliyopitishwa.

Mfano nyumba imeuzwa milioni 120 na kumbukumbu hakuna: asilimia 3 ni milioni 3.6. Ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, hapo milioni 1.2, kwa kawaida anaubeba mnunuzi, muandike kwenye mkataba nani analipa nini. Bila kulipa TRA uhamisho hausogei kwa Msajili.

Viwango vinaguswa kwenye bajeti ya kila Juni kwa hiyo pita TRA uulize vya mwaka huo. Na ule ujanja wa kuandika mkataba wa milioni 40 wakati mmeuziana 120: thamani ya mthamini ipo palepale, kodi itapigwa kwenye hiyo, na warithi wenzako wakiuona huo mkataba wa 40 watakuuliza 80 iko wapi.

Hela ikishaingia nafanyaje?

Isiingie kwenye akaunti yako binafsi wala kwenye simu yako. Nenda benki na barua ya usimamizi ufungue akaunti ya mirathi ya marehemu, mnunuzi aweke humo. Advansi pia iingie humo, siyo "nipe laki tano mkononi ya kuanzia".

Kutoka hapo: kwanza kodi na gharama za kuuza, pili madeni ya marehemu (hospitali, benki, mkopo wa kikundi, hata duka la mangi kama kuna daftari), tatu ndo warithi. Kugawa kabla ya kulipa madeni ni kosa linalokurudia wewe binafsi.

Tuchukue ileile ya milioni 120. TRA 3.6, madeni na gharama nyingine zenye risiti tuseme 4.4, inabaki milioni 112. Familia ya Kiislamu, mjane 1, watoto wa kiume 2, wa kike 3, wazazi wa marehemu walishafariki. Mjane anachukua moja ya nane, milioni 14. Inabaki 98. Mtoto wa kiume anahesabiwa mafungu mawili na wa kike moja, jumla mafungu 7, kila fungu milioni 14, kwa hiyo wa kiume 28 kila mmoja na wa kike 14 kila mmoja. Wajane wangekuwa wawili wangegawana ileile moja ya nane. Kwenye familia inayofuata sheria nyingine hesabu hii haitumiki, msiikopi.

Kila mtu alipwe kwa benki, asaini kwamba amepokea. Alafu Fomu Na. VI na viambatanisho vyake inaenda mahakamani, hakimu anaifunga mirathi.

Nijilipe kiasi gani kwa usumbufu?

Nauli, kopi, ada, wakili, vyote vyenye risiti rudisha. Mshahara usijipangie. Ukiona kazi ni kubwa omba mapema, warithi wakubali kwa maandishi na mahakama ijue.

Msimamizi ni kaka yetu, ameuza kimyakimya, tumekuta mtu anavunja ukuta.

Haraka mbili. Ya kwanza nendeni mahakama ileile iliyomteua, siyo polisi kwanza, siyo kwenye grupu la familia, mkaombe aitwe aeleze mauzo na alete hesabu, na kama kuna ushahidi ombeni usimamizi wake ufutwe ateuliwe mwingine. Ya pili kama nyumba ina hati na haijahamishwa bado, wekeni zuio kwa Msajili wa Hati.

Msimamizi aliyetapanya mali anaweza kuamriwa azirudishe kutoka mfukoni mwake. Ila niwe mkweli, kupata nyumba yenyewe irudi ni ngumu kama mnunuzi alinunua kwa nia njema, akalipa bei halali na barua ya usimamizi ilikuwa hai siku hiyo. Mtafukuzana na kaka yenu kwa hela. Kama mnunuzi alikuwa anajua, au ni shemeji yake, hapo mambo yanabadilika.

Kama hakuna ndugu anayeaminika na mwenzake, yupo Kabidhi Wasii Mkuu pale RITA, anaweza kusimamia mirathi. Watu wanaogopa kumpa serikali mali ya mzee, lakini familia ambayo imefika hatua ya kutupiana mapanga inahitaji mtu ambaye hana shangazi humo ndani.

Mimi ndo nataka kununua nyumba ya mirathi. Niangalie nini?

Chukua namba ya shauri kwenye barua ya usimamizi, nenda mwenyewe mahakamani, uliza kama huyu bado ni msimamizi, kama hajafutwa, na kama mirathi haijafungwa, maana ikishafungwa kazi yake imekwisha na hana tena cha kukuuzia. Fanya sechi kwa Msajili, yaani angalia kwenye kumbukumbu zake hati ina jina la nani. Soma Fomu Na. V uone hiyo nyumba imo kwenye orodha. Wasimamizi wakiwa wawili wote wasaini. Ongea na mjane ana kwa ana, siyo kwa simu aliyoshikiwa na mtoto. Alafu tembea hiyo mitaa jioni, kaa kwenye kibanda cha chipsi, uliza tu hii nyumba ya marehemu vipi, utaambiwa mpaka yale ambayo hukuuliza.

Niko nje ya nchi, ndugu zangu wanasema lazima nirudi.

Kwa urithi tu huna haja ya kurudi, toa hati ya uwakilishi kwa mtu unayemwamini, isaini mbele ya ubalozi wetu au mthibitishaji wa huko. Kama ulishachukua uraia mwingine, ardhi kuandikwa jina lako ni mtihani kwa sababu kwa kanuni ya kawaida asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hiyo ni sababu mojawapo kwanini familia nyingi zenye watoto Marekani na Uingereza zinaona bora kuuza mgawane hela. Omba nakala ya Fomu Na. V na Na. VI, zitumwe kwa picha. Msimamizi asiyetaka kukuonyesha hizo fomu mbili, muulize mara moja tu, mara ya pili tuma wakili.

Kuna wapangaji wanne. Wanatoka siku tukiuza?

Mikataba yao inaendelea mpaka iishe, mnunuzi anaikuta. Wapeni notisi kwa maandishi. Na kodi wanayolipa tangu mzee afariki ni ya mirathi, anayeichukua peke yake "kwa sababu anakaa karibu" ataitolea hesabu.

Mzee kazikwa palepale kwenye kiwanja.

Mjini wanunuzi wengi wanakimbia, au bei inashuka. Mkiamua kuuza andikeni kwenye mkataba kabisa kwamba eneo la kaburi linaachwa kiasi gani na familia itaingiaje kuzuru. Kumhamisha marehemu kuna vibali vyake kupitia mahakama na watu wa afya, usimuite fundi na sururu.

Ikiwa ni kijijini kwenye ardhi ya ukoo, mfano kihamba kule Kilimanjaro, msifikirie kama nyumba ya Mbagala. Kwa mila ya huko ardhi ya ukoo haitoki nje ya ukoo hivihivi, wenzenu wa ukoo wana nafasi ya kwanza kuinunua, na msimamizi mwenye barua ya mahakama mkononi bado atakutana na baba wadogo pale mgombani. Tenganisheni kwenye orodha: ya mjini iuzwe, ya ukoo ikae.